Nyambizi ndogo: kinachoziua si adui, ni safari

Mkondo Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila likija suala la majeshi ya wanamaji yenye mfuko mdogo, hoja ni ileile: nyambizi kubwa ni ghali, basi wanunue ndogo, au wanunue hizi za kisasa zinazojiendesha zenyewe, mambo yaishe. Sipingi. Ila nimefuatilia historia ya vyombo hivi kwa miaka kadhaa na kuna jambo linajirudia mpaka linachosha: nyambizi ndogo mara nyingi haiuawi na adui. Inauawa na safari. Inaharibika kabla haijafika, inanasa, inapotea njia, inajaa hewa chafu, au inaungua betri ikiwa gatini kwake. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini watu wanataka kuwatoa mabaharia ndani, na utaelewa pia kwa nini kuwatoa hakumalizi kazi.

Nikisema ndogo namaanisha chombo kisichofika tani 150 hivi, watu wachache ndani, hakina jiko la maana wala kitanda cha kulalia.

Tuanze na nyambizi H. L. Hunley, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Chuma kitupu, watu 8, propela inazungushwa kwa mikono. Usiku wa 17 Februari 1864, nje ya bandari ya Charleston, ikaizamisha USS Housatonic, na kuwa nyambizi ya kwanza kuzamisha meli ya kivita. Sasa piga hesabu. Housatonic ilipoteza watu 5. Hunley ilizama mara 3, mbili kabla hata haijaenda kushambulia, na kwa jumla ilimeza watu 21 wa upande wake.

Twende 1943. Uingereza inaitafuta Tirpitz, meli ya Wajerumani ya zaidi ya tani 40,000, iliyojichimbia Kåfjord kaskazini mwa Norway. Wakaunda X-craft: urefu wa mita 15 na ushee, mabaharia 4, na kila ubavu umebeba bomu lenye tani 2 za baruti. Septemba ile zikaondoka 6 kutoka Scotland, kila moja ikiburutwa na nyambizi kubwa. Hapa pana jambo huwa linanifikirisha: kila X-craft ilikuwa na vikosi viwili vya mabaharia, kimoja cha safari na kingine cha shambulio. Waliopanga kazi hiyo walijua kwamba mtu akikaa humo ndani wiki nzima akiburutwa, akifika hafai tena kupigana.

X9 ikapotea na watu wake wote ikiwa bado inaburutwa. X8 mabomu yake yakaingia maji, yakatupwa, mlipuko wake ukaiumiza yenyewe, ikabidi izamishwe na wenyewe. X10 vifaa vikagoma, ikageuza. X5 haikurudi. Ni X6 na X7 tu zilizofanikiwa kutega mabomu chini ya Tirpitz asubuhi ya 22 Septemba. Meli ile ikarushwa juu, mitambo ikang'oka kwenye misingi yake, ikakaa nje ya vita mpaka Aprili 1944. Kwa hiyo kazi ilifanyika, tena sana. Lakini kati ya 6 zilizotoka nyumbani, zilizofanikiwa kutega mabomu chini ya Tirpitz ni 2.

Wajapani nao. Pearl Harbor zilikwenda 5. Moja, ya Kazuo Sakamaki, ilizinduliwa dira yake ya jairo ikiwa imekufa, na akaondoka hivyohivyo. Ikapanda mwamba, ikakwama, naye akawa Mjapani wa kwanza kutekwa na Marekani katika vita ile. Sydney, usiku wa 31 Mei 1942, zilikwenda 3. Moja ikanasa kwenye wavu wa kuzuia nyambizi mlangoni mwa bandari, na mabaharia wake wakajilipua.

Biber ya Wajerumani ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mtu mmoja ndani, na injini ya petroli. Petroli, ndani ya kopo! Mwishoni mwa Desemba 1944 Waingereza waliokota moja ikielea baharini haina hata mkwaruzo, na dereva wake amekufa kwa hewa ya kaboni monoksaidi. Hakupigwa na mtu.

Mnadhani ni mambo ya kale? Septemba 1996 nyambizi ya Korea Kaskazini, Sang-O (kubwa kuliko tunazozungumzia), ilikwama kwenye miamba karibu na Gangneung, Korea Kusini, ikiwa na watu 26. Juni 1998 nyingine, ya aina ya Yugo, ilinaswa na jarife la mvuvi karibu na Sokcho. Jarife, wakuu. Ilipoinuliwa, watu 9 walikuwa maiti ndani. Na Novemba 2008 chombo cha makomando wa Marekani kilichoitwa ASDS, kilichotumia mamia ya mamilioni ya dola, kiliungua Pearl Harbor wakati betri zake za lithiamu zikichajiwa. Kilikuwa kimoja tu. Mwaka uliofuata mradi ukafutwa.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karibuni.

---

Pweza Mguu Nane

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu umeturuka: hao wa X6 na X7 walipona? Huwezi kutuacha chini ya Tirpitz halafu ukahamia Japani.

---

Kamba Nene

Mkondo, uzi mzuri ila umechagua mifano ya kuumwa tu. Nikuongezee ya upande wa pili.

Alexandria, 19 Desemba 1941. Waitaliano 6, wamepanda topido 3 za mwendo wa polepole kama mtu anavyopanda punda. Wakaingia bandarini na kuzikalisha chini HMS Queen Elizabeth na HMS Valiant. Watu 6 kwa meli 2 kubwa za kivita.

Diego Suarez, Madagascar, 30 Mei 1942. Nyambizi ndogo ya Kijapani iliijeruhi meli ya kivita HMS Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty.

Cheonan, 26 Machi 2010. Meli ya Korea Kusini ya tani 1,200 ikakatika vipande viwili, mabaharia 46 wakafa. Uchunguzi ulioshirikisha wataalamu wa Marekani, Uingereza, Australia, Sweden na Canada ulisema ni topido ya nyambizi ndogo ya Korea Kaskazini. Pyongyang wanakana mpaka leo, lakini vipande vya topido vilivuliwa kwenye sakafu ya bahari.

Huwezi kuniambia silaha ya namna hiyo inauawa na safari. Gharama ya anayeshambulia ukilinganisha na ya anayeshambuliwa haina hata mjadala.

---

Mkondo Baridi

Pweza, nitarudi kwao. Nivumilie.

Kamba Nene, asante, umenisaidia bila kujua. Angalia mifano yako mitatu ilitokea wapi. Alexandria: topido zile zilibebwa na nyambizi kubwa, Scirè, zikashushwa maili chache tu kutoka mlangoni. Diego Suarez: zilibebwa na nyambizi kubwa mpaka karibu na ghuba. Cheonan: maji ya mita 47 hivi, kandokando ya mpaka wa bahari unaobishaniwa, umbali wa kutoka nyumbani na kurudi. Zote ama mtu kazibeba, ama zilikuwa zimeshafika kabla ya kuondoka. Safari imefupishwa.

Ndiyo maana Iran ilipotengeneza Ghadir (tani 120 hivi, mirija 2 ya topido za kawaida za milimita 533) ilijua inachofanya. Ghuba ya Uajemi kwa wastani haifiki mita 50 kwenda chini, na hata penye kina kirefu haizidi mita 100. Nyambizi kubwa humo ni kama tembo kwenye beseni. Ndogo inalala chini kwenye mchanga, inazima kila kitu, inasubiri. Haihitaji kwenda popote, meli ndizo zinazokuja kwake, kwa sababu Mlango wa Hormuz hauna njia ya mzunguko.

Chukua Ghadir hiyohiyo uipeleke kwenye bahari ya wazi yenye mawimbi ya mita 4 na kina cha mita 3,000, halafu uone. Nyambizi ndogo za Wajerumani zilizoitwa Seehund, mwanzoni mwa 1945, zilitoka mara 142, zikapotea 35, na sehemu kubwa ni hali ya hewa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jeshi lolote la wanamaji ni: maji yako yakoje? Katalogi ya muuzaji ifuate.

---

Fundi Betri

Mimi ni mtu wa umeme, vita mtaniambia nyinyi. Ila mtu akisema "inajiendesha yenyewe" mimi huuliza kwanza inakula nini.

Kanuni moja inatawala kila kitu hapa. Nguvu ya kusukuma chombo ndani ya maji hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara 2, unahitaji nguvu mara 8. Mfano wa mezani: chombo chenye betri ya kukaa saa 100 kikienda noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa) kinafika maili 300. Kikienda noti 6, betri ileile inakaa saa 12 na nusu, na kinafika maili 75. Umeharakisha, umefika robo ya njia.

Na hapo sijahesabu vitu vinavyokula umeme hata chombo kikiwa kimesimama: kompyuta, sona (kifaa cha kutafuta vitu majini kwa sauti), pampu, vifaa vya kujua mahali ulipo. Kwenye nyambizi yenye watu ongeza kusafisha hewa, taa na joto. Kwa hiyo hata kwenda polepole sana ni hasara, kwa sababu vitu hivyo vinaendelea kunywa betri wakati wewe hufiki. Kila chombo kina mwendo wake wa heri, na kwa hivi vidogo huwa ni noti chache tu. Mkondo wa bahari wa noti 2 ukija mbele yako, nusu ya jasho lako ni kubaki palepale.

Betri za madini ya risasi zinabeba wati-saa 30 hadi 40 kwa kila kilo. Lithiamu inakwenda mara 4 au 5 ya hapo. Ndiyo iliyofufua mambo haya yote, si akili mnemba. Ila lithiamu ni kama fahali wa kuazima: inalima vizuri mpaka siku ikikupiga pembe. ASDS aliyoitaja Mkondo ni mfano. Mtu akiwa ndani ya chumba kidogo cha chuma na seli moja ikaanza kuwaka, hana pa kukimbilia. Chombo kikiwa hakina mtu, umepoteza chombo basi.

Kuna ujanja mwingine ambao watu hawausemi sana. Ukiondoa watu, huna haja ya ganda kubwa lililojaa hewa. Hewa ndiyo adui wa kina, maana kila mita 10 mgandamizo unaongezeka kiasi kile cha hewa yote iliyo juu yetu. Vyombo vipya vingi ni bodi iliyo wazi, maji yanaingia na kutoka, na vifaa vya umeme peke yake ndivyo vimefungwa kwenye makopo madogo au kuzamishwa kwenye mafuta. Bodi inakuwa nyepesi na rahisi, nyingine zinachapishwa kwa mashine kama kikombe cha plastiki. Dive-LD, chombo kisicho na mtu cha kampuni ya Anduril, kwa maelezo ya watengenezaji wake, inashuka mita 6,000. Hakuna nyambizi ya kivita yenye watu inayoota hata kufika huko.

---

Pweza Mguu Nane

Swali la darasa la pili: kwa nini isiongozwe kwa rimoti kama droni za angani? Setilaiti zimejaa kote.

---

Mpimaji

Pweza, redio haipiti kwenye maji ya chumvi. Ya masafa ya chini sana inapenya mita makumi kadhaa, na inahitaji mtambo wa kurushia wenye ukubwa wa kijiji. GPS nayo haipiti. Kinachopita vizuri ni sauti, mita 1,500 hivi kwa sekunde, ila kwa mbali utatuma kilobiti chache tu kwa sekunde, tena zinakatikakatika. Picha hutumi. Video sahau. Na ukipiga kelele kutuma ujumbe, yeyote mwenye masikio majini amekusikia.

Ndiyo maana hizi za chini ya maji lazima ziwe na akili zao wenyewe, tofauti na droni ya angani ambayo mtu amekaa kwenye kiti anaiendesha. Zile zinazoongozwa kwa setilaiti zinaelea juu au zinachungulia. Julai 2025 jeshi la wanamaji la Colombia lilikamata moja ya walanguzi wa dawa za kulevya, haina mtu ndani, ina antena ya Starlink. Lakini ile ni chombo kinachozama nusu, mgongo wake uko usawa wa maji.

Sasa la kazini kwangu. Nimefanya upimaji wa sakafu ya bahari kwa kutumia vyombo vidogo vinavyojiendesha, vya ukubwa wa kubebwa na watu wawili. Unakiambia pita hapa, geuka pale, rudi saa kumi. Siku moja hakikurudi. Tulizunguka mpaka usiku. Kumbe kilikutana na kamba ya dema, kikajisokotea propela, na programu yake ikafanya kile ilichofundishwa: ikijikwama, izime injini na isubiri. Kikasubiri. Mvuvi ndiye aliyekiona, akakirudisha akiuliza kama ni bomu. Niliposoma habari ya jarife la 1998 hapo juu nilicheka peke yangu, ila si kicheko kizuri.

Na kujua uko wapi. Chini ya maji chombo kinahesabu hatua zake: dira, vihisi vya mwendo, na mlio unaopigwa chini na kurudi kupima kasi dhidi ya sakafu. Hata kikiwa na kosa la nusu asilimia ya njia, baada ya maili 200 kimekosea maili nzima. Maili nzima ndiyo tofauti ya mlango wa bandari na mwamba. Sakamaki aliondoka na dira mbovu. Sisi tunaondoka na dira nzuri ambayo inaharibika polepole njiani. Kinaweza kupanda juu kuchukua GPS, ila kila kikipanda kinaonekana. Ule mlio wa chini nao unahitaji sakafu iwe karibu, ndani ya mita mia chache. Kwa hiyo maji mafupi yana faida ambayo watu hawaitaji.

Faida ya pili ya maji mafupi ni kelele. Uduvi wanaopasua makucha, mawimbi ufukweni, boti, sauti inayogonga chini na juu na kurudi mara kumi. Sona ya anayekutafuta inasikia soko zima. Kidude cha mita 10 kilicholala kwenye matope kinaonekana kama jiwe.

---

Kamba Nene

Haya, nimelegea kidogo kuhusu safari. Ila sasa tuzungumze pesa, maana hapo ndipo wauzaji wanapotudanganya.

Orca ya Boeing, nyambizi kubwa isiyo na watu ya jeshi la wanamaji la Marekani. Mita 26 ikiwa na sehemu ya mzigo, safari ya maili 6,500 kwa injini ya dizeli inayochaji betri, na kazi ya kwanza iliyokusudiwa ni kutega mabomu ya majini. Mwaka 2022 wakaguzi wa Bunge la Marekani walisema mradi umezidi makadirio kwa angalau dola milioni 242, yaani 64%, na umechelewa angalau miaka 3. Ya kwanza ilikabidhiwa Desemba 2023. Ukiondoa watu, bei haianguki kama mnavyofikiri, kwa sababu ulichokuwa unamwachia baharia mwenye bisibisi sasa lazima kifanye kazi chenyewe miezi mfululizo. Pampu ikivuja, nani atakaza?

Australia wamekwenda kwa njia nyingine. Ghost Shark: serikali na Anduril walichangia gharama za majaribio kuanzia 2022, na Septemba 2025 wakasaini mkataba wa dola bilioni 1.7 za Australia kwa makumi ya vyombo ndani ya miaka 5. Uingereza wana Excalibur ya mita 12, iliyopewa jina Mei 2025, na wanasema wazi ni ya kujifunzia. China walionyesha yao isiyo na mtu, HSU-001, kwenye gwaride la Oktoba 2019, na Septemba 2025 wakatoa kubwa zaidi. Desemba 2025 idara ya usalama ya Ukraine ikadai imeipiga nyambizi ya Urusi ikiwa imefungwa gatini Novorossiysk, kwa droni ya chini ya maji. Urusi ikasema hakuna kilichoharibika. Tuseme madai ni ya kweli: tena ni bandarini, tena shabaha imesimama. Nakubaliana na Mkondo shingo upande.

---

Wakili wa Maji

Mnasahau karatasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 20: nyambizi na vyombo vingine vya chini ya maji vikiwa kwenye bahari ya ndani ya mamlaka ya nchi nyingine vinapaswa kwenda juu ya maji na kuonyesha bendera. Kifungu cha 29 nacho kinasema meli ya kivita ni ile iliyo chini ya amri ya ofisa, na yenye mabaharia walio chini ya nidhamu ya jeshi.

Soma tena hicho cha pili. Yenye mabaharia. Sasa chombo kisicho na mtu ni meli ya kivita? Kina kinga ya meli ya kivita? Ukikiokota ni cha nani?

Hili halijakaa kwenye vitabu tu. Desemba 2016 meli ya China ilikichukua kidude cha Marekani cha kupima bahari, kilichokuwa kikifanya kazi na meli USNS Bowditch karibu na Subic Bay. Wamarekani wakasema ni mali ya taifa lenye kinga, rudisheni. Kilirudishwa siku 5 baadaye, ila kwa siku 5 waliokichukua walikuwa nacho mezani. Nyambizi yenye mabaharia 30 ndani huwezi kuiokota kama dafu lililoanguka, ni vita. Isiyo na mtu, mnaandikiana barua.

Kwa taifa dogo hilo lina pande mbili. Ukipoteza chombo hakuna mama anayelia, na jirani hana sababu ya kupigana. Lakini kwa sababu hiyohiyo jirani hana hofu ya kukichukua. Na mvuvi hana hofu kabisa: Desemba 2020 mvuvi wa Indonesia alikiopoa chombo cha namna hiyo karibu na kisiwa cha Selayar, wataalamu wengi wakasema kinafanana na Sea Wing ya China. Kikapigwa picha na dunia nzima.

---

Mkondo Baridi

Wakili, hapo umenipa kitu ambacho sikuwa nacho.

Nijaribu sasa kujibu waliouliza faraghani: jeshi lenye fedha kidogo lifanye nini? Maoni yangu, si amri.

Lisianze na topido. Lianze na vile vidogo vya Mpimaji. Mwaka 2003, Umm Qasr nchini Iraq, vyombo vidogo vinavyojiendesha viitwavyo REMUS vilitumika kusafisha njia ya bandari dhidi ya mabomu ya majini, kidude cha kilo 37 kikifanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya mzamiaji kupapasa gizani. Novemba 2018 nyambizi ARA San Juan ya Argentina, iliyopotea na watu 44, ilionekana kwenye kina cha mita 900 na ushee kwa vyombo vinavyojiendesha. Kazi hizi zina faida siku ya amani, na zinakupa ramani ya sakafu yako mwenyewe. Jeshi lisilo na ramani ya maji yake litanunua nyambizi ya kwenda kupanda mwamba. Sakamaki wa pili.

Halafu lijenge nyumba kabla ya ng'ombe. Yugoslavia ya zamani ilitengeneza nyambizi 6 za aina ya Una. Zilikuwa na betri tupu, hazina injini ya dizeli, kwa hiyo zilichajiwa gatini au kwenye meli mama. Kwa pwani ile ya Adriatic iliyojaa visiwa na mapango, ilikuwa sawa. Taifa likavunjika, na Croatia ilipoipata moja ikalazimika kuikata na kuongeza jenereta ya dizeli, maana mfumo uliokuwa ukiilisha haukuwepo tena. Chombo kilikuwa kizima kabisa, kilichokufa ni nyumba yake. Na sioni tofauti kubwa na droni ya leo: mtu anayeiandalia njia, anayebadilisha betri, anayekwangua viumbe vinavyoota kwenye bodi, anayesoma data ikirudi. Mwaka 2009 chombo cha Chuo Kikuu cha Rutgers kilivuka Atlantiki kwa siku 221 bila injini ya kusukuma, kwa kupanda na kushuka tu. Katikati ya safari ilibidi watu waende kukitazama maana kilikuwa kimeota viumbe. Hata kinachojiendesha kinatembelewa.

Cha tatu, na hapa najua Kamba Nene atanirukia: nyambizi ndogo yenye watu ningeiacha kabisa, isipokuwa kwa taifa lenye maji kama ya Hormuz na makomando wa kupeleka. Ukiinunua, nunua na namna ya kuwaokoa waliomo. Wauzaji huwa hawaliweki hilo ukurasa wa kwanza.

---

Kamba Nene

Sikurukii. Ila droni haiwezi kuamua. Ghadir ikikutana na meli gizani, kuna nahodha anayeangalia kwenye periskopu na kusema hii ni ya wavuvi, tuiache. Hiyo programu yako iliyofundishwa kujizima ikinasa, nani kaifundisha kuacha?

---

Mpimaji

Hakuna, kwa sasa. Changu kilishindwa kutofautisha kamba ya dema na mwani.

---

Pweza Mguu Nane

Mkondo. Tirpitz. Nimesubiri kurasa nzima.

---

Mkondo Baridi

Haya. X7 ilinaswa kwenye nyavu za kuzuia topido ikijaribu kutoka, mlipuko ukaitupa, ikaibuka karibu na jukwaa la kulengea shabaha. Nahodha wake, Godfrey Place, akatoka na kukanyaga jukwaa. Chombo kikazama kabla wengine hawajatoka. Mmoja aliibuka baadaye, wawili walibaki chini.

X6 ya Donald Cameron ilikuwa imeshaonekana kabla. Dira imekufa, periskopu imejaa maji, amegonga mwamba mara moja. Akaachia mabomu chini ya meli, akafungua maji yaingie chomboni, na wote 4 wakapanda juu wakajisalimisha. Wajerumani wakawachukua na kuwapandisha kwenye meli iliyo karibu zaidi, ambayo ilikuwa Tirpitz. Wakaulizwa maswali, hawakujibu. Waliowakamata walichogundua ni kwamba Waingereza wale walikuwa wanatazama saa kila mara.